Dawa Isiyokosea

Masenge wangu alilima karanga Katumba, kwenye shamba ambalo baba yake alikatiwa miaka ile ya sabini mwanzoni, baada ya kukimbia Burundi usiku na watoto wanne na sufuria moja. Masenge ndiyo shangazi kwa Kirundi. Vyeti vya uraia wa Tanzania tumepata, watoto wetu Kirundi wanakisikia kwa mbali tu, lakini shangazi zetu bado ni masenge. Huyu ninayemsimulia nimemshona kutokana na wanawake watatu niliowajua, kwa hiyo msomaji wa Katumba asihangaike kutafuta kaburi lake.

Siku aliyoniita alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, ameloweka khanga ndani ya beseni la bluu. Maji yalikuwa mekundu. Miaka 61, hedhi imekoma zamani.

"Mwanangu," alisema, "mambo ya usichana yamenirudia."

Akacheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikuuliza zaidi, maana mtoto wa kiume hamhoji masenge wake mambo ya huko. Nilimpakia kwenye bodaboda tukaenda kituo cha afya, nikakaa nje chini ya mwembe.

Kwa mwanamke asiye na dalili yoyote kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi ni kirahisi mpaka watu hawakiamini. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye shingo ya kizazi, anasubiri dakika moja hivi, kisha anachungulia kwa taa. Panapogeuka peupe ndipo penye mashaka, na papo hapo panaweza kugandishwa kwa baridi kali au kuchomwa kwa joto, kabla hapajawa saratani. Ni siki, ndugu zangu, jamaa ya ile ya kwenye kachumbari. Kwa masenge haikuhitajika. Kilichokuwepo kilionekana kwa macho. Muuguzi alitoka nje, akanipa karatasi ya rufaa na kuniambia, akiwa ameshusha sauti, "Mwalimu, mpelekeni wiki hii. Wakate kinyama, wapime. Msingoje mavuno."

Tulingoja mavuno.

Karatasi ile masenge aliikunja mara nne akaiweka ndani ya Biblia. Sababu zilikuwa nyingi na zote zilisikika kama sababu. Karanga zilikuwa hazijang'olewa. Dar es Salaam ni mbali: treni ya Mpanda inapita kwetu hapa, inavuka Ugalla, inafika Kaliua, halafu Tabora, na ukifika Tabora hata nusu ya safari hujafika. Mionzi, alisikia, inaunguza mtu ndani kwa ndani. Na jirani fulani alipelekwa akarudi kwenye jeneza. Hii ya mwisho ndiyo humaliza ubishi vijijini, kwa kuwa hakuna anayeuliza jirani huyo alipelekwa akiwa katika hali gani.

Sababu ya tano nilimpa mimi, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Jioni moja nilikuwa naye barazani, naperuzi simu, nikakuta habari kwamba wanasayansi wametumia nanoteknolojia kuangamiza saratani. Nikamsomea kwa sauti. Nikamfafanulia, kwa ule ufasaha wa mwalimu wa sekondari ambaye hajaulizwa swali gumu kwa muda mrefu, kwamba nano ni kitu kidogo kupita kiasi, kwamba ukigawa milimita moja mara milioni moja kila kipande ni nanomita, kwamba dawa zinafungwa ndani ya vichembe vya namna hiyo na kupelekwa mpaka kwenye uvimbe. Macho yake yaling'aa. "Bila kukatwa?" Bila kukatwa. "Bila mionzi?" Nikasema ndiyo, hata mionzi haitahitajika. Sikuwa nimesoma habari yenyewe mpaka mwisho. Aya ya chini kabisa, niliyoifikia miezi mingi baadaye, ilisema waliopona ni panya.

Kwa hiyo kijana mmoja muuza dawa alipokuja gulioni, alikuta shamba limeshalimwa.

Alikuwa nadhifu: shati jeupe, kipaza sauti kidogo shavuni, meza yenye kitambaa cha kijani, chupa za plastiki za kahawia zimepangwa kama askari. Kwenye chupa pameandikwa NANO kwa herufi za dhahabu. Alikuwa na majibu ya kila kitu. Nano inatafuta kansa kama mbwa wa mwindaji anavyomfuata swala. Haigusi ini, haigusi figo, haigusi moyo. Mjamzito anatumia, mtoto anatumia. Wajapani wanaitumia. Hata hapa Tanzania, alisema, kuna msomi amepewa tuzo kubwa kutoka Ulaya kwa ajili ya nano.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake. Dokta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, alitengeneza chujio la maji lenye mchanga na vichembe vya nano, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na chuo cha kifalme cha wahandisi cha Uingereza. Chujio la maji, jamani. Muuzaji wetu alichukua tuzo ya chujio akaibandika kwenye dawa ya kansa, na gulio zima likaitikia kwa vichwa. Nami nikaitikia.

Halafu akatoa cheti. Kimefunikwa plastiki, kina mhuri wa duara, kina nembo, kina sahihi ya wino wa bluu. Mtu wa kwingine anaweza kutucheka hapa, lakini Katumba tuna historia na karatasi. Wazee wetu waliishi miaka zaidi ya 30 wakiitwa wakimbizi wa mwaka 1972. Waliomba uraia mwaka 2008, wakakubaliwa mwaka 2010, na vyeti vyenyewe vikaanza kugawiwa mwishoni mwa 2014. Katikati hapo palikuwa na mtu ambaye si Mrundi tena wala hajawa Mtanzania mkononi. Watu waliokaa hivyo hawadharau mhuri. Masenge alikipapasa cheti cha yule kijana kwa kidole gumba, kama alivyopapasa chake siku alipokipokea, akafungua fundo la khanga.

Chupa moja ilikuwa shilingi 45,000. Dozi ya mwezi ni chupa nne. Ya mwezi wa kwanza alilipa yeye, ya mwezi wa pili niliongeza mimi, ya wa tatu tuliuza karanga za mbegu.

Ladha ilikuwa tamu, na tangawizi kwa mbali. Alikunywa vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, kwa nidhamu ambayo sijaiona kwa mgonjwa mwingine. Wiki za mwanzo alisema anasikia nguvu. Damu ilipoongezeka nilimpigia kijana simu, akasema ndiyo dalili kwamba uchafu unatoka. Mguu wa kushoto ulipoanza kuvimba akasema nano imeshuka, sasa inafuata mizizi. Hapakuwa na jambo ambalo dawa ile ilishindwa kulieleza. Akikonda, inafanya kazi. Akinenepa, imefanya kazi. Mwezi wa nne simu yake ikawa haipatikani.

Hospitali kubwa tuliyomfikisha siitaji, wala haina kosa katika kisa hiki. Walikata kinyama, wakapiga picha, wakatuita. Daktari alikuwa kijana kuliko mimi. Alimsalimia masenge shikamoo, akavuta kiti akakaa usawa wake, akamwambia ugonjwa umeshika ukuta wa nyonga na umebana mrija wa figo moja. Angepewa mionzi michache ili damu ikome na maumivu yapungue. Hakusema kupona. Masenge aliuliza kama angekuja wakati ule karanga hazijang'olewa ingekuwaje. Daktari alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama, tungekuwa na kazi ya kufanya." Nadhani lilikuwa jibu la adabu kuliko yote ambayo angeweza kutoa.

Mimi nilimfuata kwenye korido na chupa mfukoni. Nilitaka anitukane. Badala yake aliigeuza chupa, akasoma NANO, akaniuliza swali moja: "Mwalimu, ulimuuliza dawa yake inaumiza wapi?"

Nikasema alituambia haiumizi popote.

"Basi hapo pangekutosha," akasema. "Za kwangu zote naweza kukuambia zinaumiza wapi."

Kisha akanieleza, mgongo ukutani, mafaili kwapani, na mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye, safari hii mpaka aya ya mwisho.

Dawa za nano za saratani zipo, na si za jana. Ya kwanza kuruhusiwa Marekani ilikuwa Doxil, mwaka 1995, na ugonjwa iliyoruhusiwa kuutibu mwanzoni ni sarakoma ya Kaposi kwa wagonjwa wa Ukimwi: yale madoa ya zambarau iliyoiva miguuni, ambayo madaktari wa Uganda na Kongo waliyajua hata kabla ya Ukimwi kupata jina. Ndani yake mna doksorubisini, dawa ya zamani, nyekundu kama juisi ya rozela, inayoua saratani vizuri na kuuharibu moyo vizuri vilevile ikizidi kiwango. Watafiti waliifunga ndani ya vifuko vya mafuta vyenye upana wa nanomita 100 hivi. Unywele wa kichwa una kama 80,000, kwa hiyo vifuko 800 vikijipanga bega kwa bega ndiyo vinafikia upana wa unywele mmoja. Kwa kufungwa hivyo moyo ulipata nafuu kubwa. Lakini vifuko vile hupenya taratibu kwenye viganja na nyayo, na mgonjwa anaweza kuwa na mikono myekundu inayowaka, ngozi ikachubuka, asishike hata kijiti cha kiberiti. Fikiria dawa hiyo kwa mtu anayekula kwa jembe. Madaktari wanalijua, wameliandika kwenye karatasi ya dawa, na hupunguza dozi au huisogeza mbele.

Nyingine ni paklitakseli. Ile ya kawaida haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo huyeyushwa kwenye kimiminika kinachotokana na mafuta ya nyonyo, na hayo ndiyo huwafanya wagonjwa wengine kubanwa kifua sindano ikiwa bado mkononi. Mwaka 2005 Marekani iliruhusu aina iliyofungwa kwenye albumini, protini iliyomo katika damu yetu wenyewe, kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Nyonyo ikaondoka, na dozi ikaweza kupanda. Ganzi ya vidole ikabaki pale pale.

Kuhusu ule uwindaji wa swala: mwaka 1986 Wajapani wawili, Matsumura na Maeda, walionyesha kwamba mishipa ya damu ya uvimbe hujengwa haraka haraka na huacha mianya, kama nyumba ya fito ambayo haijakandikwa udongo. Mishipa mizima imekandikwa. Vichembe vya nano ni vikubwa mno kupenya ukuta uliokandikwa, lakini kwenye fito tupu vinapita. Wazo zuri kweli, na kwa panya lilifanya kazi kwa sababu uvimbe wa panya hukua kwa wiki chache, ukuta wote mianya. Wa binadamu huchukua miaka, na sehemu nyingine umekandikwa sawasawa. Hapakuwa na mbwa wala harufu ya swala. Ni maji ya mvua yanayotafuta tundu.

Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya tafiti za miaka kumi, za wanyama wenye uvimbe, wakauliza swali la mwenye mzigo: vichembe vinavyodungwa, vingapi vinafika? Jibu la katikati lilikuwa asilimia 0.7. Nikilitafsiri kwa lugha ya stesheni yetu, ni kupakia magunia 1,000 ya karanga Katumba, na mwisho wa reli yakashuka saba. Mengi ya yaliyobaki yameteremshwa kwenye ini na bandama, maana hao ndio wafagiaji wa damu, na kila kigeni kinachoelea wao hukikamata. Kwa hiyo swali la vichembe visivyoyeyuka, vya dhahabu kwa mfano, ni hili: vikishakaa kwenye ini mwaka mzima, miaka mitano, vinafanya nini? Ndilo linalowafanya watu makini waende polepole. Nilipenda kitu kimoja kwenye kazi ile ya Toronto. Walioitoa si maadui wa nano. Ni watu ambao nano ndiyo kazi yao na ndiyo mkate wao, nao ndio waliotangaza kwamba mzigo haufiki.

Ukweli ni kwamba saratani ya masenge, hata angefika mapema, isingetibiwa kwa nano. Ingekuwa upasuaji, au mionzi pamoja na sisplatini, dawa za miaka mingi zisizo na herufi za dhahabu, na mapema zinaponya. Na dawa za nano zenyewe, hata kwa wenye pesa, si za kuaminika kama jua: mwaka 2011 kiwanda kimoja tu cha Ohio kilichotengeneza Doxil kilisimamisha kazi, na mwaka huohuo wagonjwa wa Marekani waliandikishwa kwenye orodha ya kusubiri. Sisi tunaojua dawa kuisha dirishani tungewapa pole kama wangetuuliza.

Njiani kurudi niliwaza Samunge. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanda magari kwenda kijiji hicho cha Loliondo kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, mizizi ya mugariga iliyochemshwa, shilingi 500, kwa kisukari, kwa Ukimwi, kwa kansa. Foleni za magari zilikwenda kilomita na kilomita porini, na wapo waliofia humo humo foleni. Viongozi walikunywa, tena mbele ya kamera. Nilikuwa miongoni mwa waliowacheka wanywaji, nikiwa na shahada yangu. Tofauti yangu na wao ni kwamba mimi nilihitaji neno la kisayansi ndipo ninywe. Na kikombe cha Babu, angalau, kilikuwa shilingi mia tano.

Masenge alirudi nyumbani damu ikiwa imekoma. Hiyo mionzi michache ilimpa miezi ambayo aliitumia kugawa mashamba na kugombana na kila mtu kuhusu mgawo. Tulimzika mvua zikiwa zimechachamaa, jeneza likiteleza mikononi mwetu. Karatasi ya rufaa niliikuta ndani ya Biblia, bado imekunjwa mara nne.

Chupa moja ilibaki na dawa nusu. Nilimpelekea mwalimu mwenzangu wa kemia. Hatukuwa na maabara ya maana, tulikuwa na jiko la mkaa na sufuria ndogo ya mkewe. Tukamimina, tukasubiri. Maji yalianza kufuka mvuke, yakapungua, yakawa mazito na kutoa mapovu ya polepole. Kisha yakawa ya njano, halafu kahawia, na harufu ikajaa uani. Mtoto wake akaja mbio kutoka ndani akiuliza tunapika nini, kwa kuwa ilikuwa harufu ya sukari inayoungua, ile ya visheti. Mwenzangu alizamisha ncha ya kijiko akanionyesha. Uzi mrefu wa dhahabu.

Mwaka 2018 Tanzania ilianza nchi nzima kuwachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV, wakianza na wa miaka 14; mwaka 2024 ikawa sindano moja tu, kwa wa miaka 9 hadi 14. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban saratani saba kati ya kumi za shingo ya kizazi. Niliposoma chanjo inavyotengenezwa nilijikuta nacheka peke yangu ofisini. Ni maganda ya kirusi yasiyo na kirusi ndani, protini tupu iliyojikunja kwa mfano wake, mwili ukaliona ganda ukajifunza adui. Karanga isiyo na punje. Na upana wa ganda moja ni nanomita 50 na kitu, karibu nusu ya kile kifuko cha Doxil. Wataalamu watabishana kama tuite nanoteknolojia au la, mimi sina ugomvi nao. Ninachojua ni kwamba kichembe chenye vipimo hivyo hufika Katumba ndani ya boksi la baridi juu ya pikipiki, na hakiuzwi gulioni.

Siku ya chanjo shuleni mjukuu wa masenge alikuwa wa nne kwenye mstari, miaka 12, amevaa soksi mbili zisizofanana. Aliponiona alitoka kwenye mstari akanishika mkono. Akamwuliza muuguzi kama itauma.

"Itauma," muuguzi alisema, huku akivunja kifuniko cha kichupa. "Mkono utakuuma leo na kesho. Unaweza kupata homa kidogo. Wengine huona kizunguzungu, ndiyo maana ukishachomwa hutarudi darasani mpaka ukae kwenye benchi lile dakika 15 nikikuangalia."

Mtoto alinigeukia, kama anayetaka mtu mzima akanushe. Sikukanusha. Akakunja mkono wa shati, akafumba macho, na baadaye akaja kukaa kwenye benchi huku ameshika bega, akaniomba saa yangu azihesabu mwenyewe hizo dakika.